Tukijenga upya masomo, vitabu navyo viko wapi?

Ndugu vijana wa Kolwezi, Mutshatsha na Lualaba yote,

Siku masomo yanaanguka, wakubwa wanakuja kuhesabu nini? Kuta, mabati, viti. Vitabu hakuna anayevihesabu, na ndiyo maana havirudi.

Tuangalie Goma. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikafika Buhene, ikapita juu ya nyumba na masomo. Mwaka 2002 ilikuwa imeshaingia mpaka katikati ya mji. Darasa unaweza kulisimamisha chini ya hema kwa siku mbili. Lakini mwalimu bila kitabu anaandika ubaoni, watoto wananakili, na kosa lake moja linaingia katika daftari za darasa nzima.

Huku kwetu hatuna volkano. Lakini vita tuliviona: Machi 1977 Mutshatsha ilichukuliwa na waasi, Mei 1978 Kolwezi. Na mvua haipigi hodi.

Wasituambie eti makuta hakuna! Sheria ya madini ya 2018 iko wazi: kwa kila franga 1000 za mauzo, kampuni itoe angalau franga 3 kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na kazi yake. Tena 15% ya mrabaha ni ya komine, sekta au usultani wenye madini. Makamio ya shaba na kobalti yanapita mbele yetu mchana na usiku.

Hatuombi jumba lenye bango na jina la kiongozi. (Hayo tumeyazoea, yanafunguliwa siku ya kupiga picha tu.) Tunataka masanduku yanayotembea. Garissa, kule Kenya, ngamia wanabeba vitabu tangu 1996. Sisi tuna pikipiki, tena reli inapita Mutshatsha kwenda Dilolo. Sanduku likae mwezi mmoja kwenye masomo moja, mwalimu asaini orodha, kisha liende mbele. Masomo moja yakiungua, sanduku moja ndilo linapotea, mengine yako njiani. Na ndani yake Kiswahili kikae pamoja na Kifaransa, sababu mtoto wa darasa la kwanza hawezi kupenda kusoma luga asiyoisikia nyumbani.

Basi kila kikundi kiende kwa wanaotuwakilisha mbele ya kampuni, kidai kuona ile hati ya ahadi iliyosainiwa. Mtafute neno "vitabu". Kama halimo, mwandike barua, mwache nakala kwa administrateri wa teritware, mdai muhuri wa kupokelewa, na mtutumie picha yake.