Kuzaliwa na Kiswahili Hakukufanyi Mhariri

Ndugu zangu Waswahili wa Stockholm, ninyi ni watu wa heshima, wepesi wa kuchangia msiba na harusi. Basi niwieni radhi kwa ukali huu. Kila panapotakiwa maandishi ya Kiswahili mjini humu, hutafutwa kijana yeyote aliyekulia Dar es Salaam au Bukavu, akaambiwa: "Hariri, si lugha yako?" Naye hakatai. Nimeiona karatasi ya dawa aliyopewa mama mmoja wa Kikongo: "Kunywa vidonge viwili mara tatu." Basi. Kwa siku au kwa wiki? Kilichodondoka hapo kilikuwa afya ya mtu, na aliyeipitia karatasi hiyo amekwisha kula ujira wake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waswidi wamenyonya Kiswidi kwa mama zao, na bado tangu 1978 Chuo Kikuu cha Stockholm kinawafunza, miaka mitatu kamili, wanaotaka kazi ya kunyoosha maandishi. Wayahudi, wenye sinagogi yao kubwa hapa tangu 1870, gombo la Torati likikosa herufi moja hawalisomi ibadani mpaka lisahihishwe. Nasi tunaomcha Mungu twajua kuwa amana hurudishwa kamili. Maandishi ya mwenzio ni amana.

Vijana wetu ni hodari, sikatai. Wanauguza wagonjwa, wanaendesha treni, wala hakuna aliyekabidhiwa sindano bila kufunzwa. Kwa nini kalamu itolewe bure? Mhariri mchanga na akae chini ya mkongwe, asome kwa sauti, afungue Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ahakiki ngeli, tarakimu na majina. Asipomwelewa mwandishi, amuulize, asibuni. Kuuliza si ujinga. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ipo tangu 1967. Kanuni si siri.

Na nikiwa bado nimesimama, nawageukia wazazi, maana wahariri wa kesho ni wanenu. Shule za hapa humfundisha mtoto lugha anayoitumia kwao kila siku, wakipatikana wanafunzi watano na mwalimu afaaye. Watano tu! Nanyi mnaongea na wanenu Kiswidi cha kuokoteza, kisha mnalalamika kuwa mtoto hajui kumwamkia bibi yake kwenye simu. Mwacha asili ni mtumwa. Mnadhani wahariri tutawaokota wapi? Mwenye kuomba nafasi ya somo hilo shuleni ni mzazi. Ombeni wiki hii, na jirani yako mkumbushe.