DENI LA KIKWEMBE



Majuma haya mazungumzo ya darasa la sita ni moja tu: kikwembe cha wafinalisti. Wengi wanasema, "Tukikamate kwa deni, wazazi watalipa nyuma." Sisi viongozi wa wanafunzi tunasema hapana, na tunataka mjue sababu.

Deni lenyewe si kitu kibaya. Huku Kasongo na Kabambare, mshahara ukikawia, mwalimu anakula kwa deni. Mchimba zahabu wa Salamabila anapewa kwanza mchele, sabuni na jembe, kisha anarudisha kwa zahabu. Mwenye duka haombi karatasi. Anaomba jina lako na la ukoo wako. Huo ni uaminifu, na ni kitu kizuri cha watu wetu.

Lakini uaminifu ule una bei. Tuseme kikwembe ni franga 25.000 feza mkononi, na 32.000 kwa deni ya miezi miwili. Zile 7.000 hatuzioni, maana macho iko kwa kikwembe. Na kwa nini tunakubali? Ni haya. Kwenye ndoa, kwenye matanga, mtu anaogopa kusemwa, "Fulani alikuja na nguo ya zamani." Minervali isiyolipwa hakuna anayeiona; nguo kila mtu anaiona. Basi mzazi analipa kwanza kile kinachoonekana.

Kumbukeni historia ya mji huu. Tippu Tip alikuwa akikamata mali kwa deni kwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja, na kumlipa kwa pembe za ndovu. Lakini waliolipa kweli ni watu wa vijiji vilivyoshambuliwa: pembe zao zilichukuliwa, na wengi wakafanywa watumwa. Mkopaji mmoja, mlipaji mwingine.

Leo ukatili ule hatuufanyi. Lakini tuulizane: deni la kikwembe atalilipa nani? Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari bado tunalipa. Sisi tutakuwa tumekwenda na diploma yetu; mdogo wako wa darasa la pili ndiye atakayefukuzwa kwa ajili ya minervali.

Wengine watasema, "Mnataka tuaibike?" Hapana. Hata likelemba inatembea kwa haya: nani atathubutu kukosa kutoa, na wenzake wanangoja? Basi tujipange watu kumi kumi, kila mtu atoe 2.500 kwa juma. Kila juma mmoja anapokea 25.000 na kununua chake. Baada ya majuma kumi wote tumevaa, na hakuna faida ya mtu juu yetu.

Na asiyeweza hata hiyo, avae sare yake ya shule, safi na yenye kupigwa pasi. Atakayemcheka, huyo ndiye mwenye kuleta aibu kwa darasa letu.