Jino Letu na Mashine ya Wenzetu

Jiwe la Tabaka haliondoki Kisii likiwa jiwe tupu. Hupasuliwa machimboni, likapita mikononi mwa wachongaji, likasuguliwa kwa msasa na maji, likapakwa nta. Hata lifikapo Nairobi au ng'ambo ni kiboko, ni bakuli, ni sanamu ya mama na mwanawe. Ujira wa mchongaji ni mdogo, nakiri, na mchuuzi hupata zaidi yake. Lakini kazi ya akili na mkono imefanyika Tabaka. Nakuomba, msomaji kijana, uliweke jiwe hilo mbele ya macho yako usomapo maneno haya. Nchi yetu inayo mawe mengine, azizi kuliko hilo, nayo twayatoa bila ya kuyachonga.

Mawe hayo ni meno. Ni meno ya wanyama na ya viumbe waliotangulia wanadamu, yaliyolala ardhini mpaka yakageuka visukuku. Zamani mtaalamu aliweza kulipima jino kwa urefu na upana, kisha akakisia. Leo hukwangua unga kidogo sana wa gamba lake la nje, ambalo ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili. Huuyeyusha kwa asidi, naye hukuta humo vipande vya protini vilivyofungiwa tangu jino lilipoota. Vipande hivyo hutiwa katika mashine ipimayo uzito wa molekuli, na kwa tofauti za uzito hujulikana mpango wa asidi amino, moja baada ya moja, kama mtu asomaye herufi za neno lililofutika nusu.

Kwa nini protini? Kwa sababu DNA huharibika upesi katika joto. Mwaka 2022 ilitangazwa kusomwa DNA ya miaka milioni 2 kutoka Greenland, nchi ya barafu. Katika nchi zetu za jua umri huo haujakaribiwa. Protini ni sugu. Mwaka 2016 zilisomwa protini za maganda ya mayai ya mbuni kutoka Laetoli, Tanzania, yenye umri wa miaka milioni 3.8. Mwaka 2025 zikasomwa za meno ya wanyama wakubwa wa bonde la Turkana, hata yale ya Buluk na Loperot, ambayo makubwa yake kwa umri yafikia miaka milioni 18. Yawezekana, basi, jua letu, tulilodhani limetufutia kila kitu, halikufuta kila kitu.

Lakini tazama kazi hiyo ilifanyika wapi. Maganda ya Laetoli yalichunguzwa na wataalamu walioongozwa kutoka Uingereza. Meno ya Turkana yalichunguzwa na wataalamu wa Marekani, pamoja na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Siwalaumu wageni, walijenga maabara, wakasomesha watu, wakangoja miaka. Nalaumu sisi tunaoridhika kuwa wachimbaji. Marehemu Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeacha shule mapema, alikiona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome mwaka 1984, na kutoka hapo yakapatikana mabaki ya kijana wa Turkana, wa miaka ipatayo milioni moja na nusu. Jicho la namna ile halipatikani kwa fedha. Je, wajukuu wa Kimeu wawe na jicho lile lile tu, bila ya maabara?

Wako wanaosema Mwafrika hawezi kazi hii. Hao jibu lao ni fupi. Mwaka 2025 Palesa Madupe, msomi kutoka kusini mwa Afrika, akiwa mtafiti baada ya shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, aliongoza pamoja na wenzake usomaji wa protini za meno manne ya Paranthropus kutoka Swartkrans, Afrika Kusini, yenye miaka ipatayo milioni 2. Jino moja, ambalo kwa udogo wake lilidhaniwa la kike, likathibitika kuwa la kiume.

Sasa sikiliza jambo lililo karibu nawe. Usitafute kisukuku chini ya migomba ya Nyamira. Udongo wetu hupendwa na chai kwa uchachu wake, na uchachu huo huo hula mifupa. Lakini teremka kuelekea ziwani, mpaka rasi ya Homa. Huko Nyayanga, kama ilivyotangazwa mwaka 2023, vilipatikana vyombo vya mawe vya miaka kati ya milioni 2.6 na milioni 3, mifupa ya viboko iliyochinjwa kwa mawe, na magego mawili ya Paranthropus. Ni safari ya nusu siku kutoka dawati ulilokalia. Nani atayasoma magego hayo siku itakapofika?

Mzee mmoja wa Keroka, mtu wa heshima, aliniambia sokoni, "Mwanangu, meno ya wafu hayalipi karo." Sikucheka, kwa maana ana nusu ya haki. Kazi hizi hutolewa kwa miaka miwili au mitatu. Mtafiti hufungasha virago kutoka mji hata mji, na huenda akafika umri wa miaka arubaini bila ya nyumba. Anayekuficha hayo anakudanganya. Lakini nusu ya pili mzee aliisahau. Ujuzi wa kupima molekuli hutumika pia katika chai, maziwa, damu na dawa. Mwenye ujuzi huo hafi njaa jino likimkosa. Tena mzee huyo ni wa kabila lililokuwa na omobari, mganga aliyepasua fuvu la mtu aliye hai, akalikwangua, na mgonjwa akaishi. Watu waliothubutu kukwangua fuvu la jirani yao watashindwaje na jino la mfu?

Sheria yetu ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi yakataza kisukuku kisitoke nchini bila ya kibali. Ni sheria njema, ila mlinzi wa jino siye mlinzi wa elimu iliyomo. Nasema kila kibali cha kupeleka unga wa jino nje kiandamane na nafasi moja ya kazi, yenye mshahara, kwa mtafiti Mkenya mwenye shahada ya uzamivu, naye arejee kufundisha. Serikali isitoe udhuru wa gharama. Mashine za jamii hii zimekwisha kuwako Nairobi, katika taasisi ya icipe, zikichunguza kemikali za wadudu. Na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko kati ya ziwa lenye visukuku na milima yenye wanafunzi.

Nawe, Jumatatu utakapoingia maabara ya kemia na kushika bureti, usimwulize mwalimu kama swali hili litakuja katika mtihani. Mwulize asidi ifanyavyo inapokutana na jino.