Abiria Waliopewa Muda

Jioni za Ufipa zina baridi, na familia nyingi za Sumbawanga huimaliza siku sebuleni mbele ya runinga. Miongoni mwa filamu za zamani zinazostahili mazungumzo baina ya wazazi na vijana wao ni The High and the Mighty, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1954 na kutolewa kwenye DVD mwaka 2005. Imo pombe na yamo mambo ya kimapenzi, basi mzazi aitazame kwanza.

Ndege ya abiria inatoka Honolulu kwenda San Francisco. Katikati ya bahari injini moja inaharibika na mafuta yanavuja. Abiria wanaambiwa kwamba huenda wakaishia majini, na hapo ndipo nyoyo zinapofunguka. Mke na mume waliokuwa wakiachana wanatazamana upya. Mwanamke aliyeuficha umri wake anafuta vipodozi usoni. Mwishowe ndege inatua salama, matangi yakiwa karibu matupu.

Ni kisa kizuri, lakini kina jambo moja la kubuni ambalo mtazamaji hulisahau: abiria wale walipewa saa nzima za kusameheana na kutengeneza mambo yao.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 43. Wavuvi waliwahi kwa mitumbwi, na watu 24 wakanusurika. 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Walikuwa wamebakiza dakika chache tu kufika.

Sisi wa Rukwa wengi wetu hatupandi ndege. Twapanda basi la Tunduma, au boti za Kasanga na Kipili. Hata hivyo suala ni lile lile. Baba amekopa fedha za kununulia mahindi, na mke hajui anadaiwa na nani. Mama amewekewa amana ya jirani, na watoto hawajui imehifadhiwa wapi. Akiondoka ghafla, wadai wanafika msibani, na ndugu wanaanza kushukiana kabla tanga halijaondoka. Tunajua kwamba deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Lakini nani atalilipa deni asilolijua?

Basi liwepo daftari moja nyumbani: tunaowadai, wanaotudai, amana za watu, na wasia. Mume na mke walisome pamoja kabla ya tiketi kukatwa. Na kama yapo maneno ya kuombana radhi, yasemwe mlangoni, msafiri angali ameshika mzigo wake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awafikishe salama wasafiri wetu.