Kabla ya Kukemea, Fungua Boneti



Wengi wenu mnaijua ile pikapu ya kanisa, ile inayobeba vyombo vya muziki, viti, na siku za huzuni hubeba jeneza. Mnajua pia ilivyotusumbua miezi hii. Leo nataka niwaambie ilikuwa na shida gani, kwa sababu nilisema jambo madhabahuni kuihusu, na jambo hilo halikuwa kweli.

Shida ilikuwa hivi. Kuna siku ukipiga stata inanguruma mara moja. Siku nyingine inazunguka, inazunguka, haishiki, mpaka betri inalala. Tukanunua betri mpya, shilingi 14,000, pesa mlizotoa ninyi. Baada ya wiki moja mambo yakawa yaleyale. Fundi wa kwanza akasema ni stata, akaifungua, akairudisha, akalipwa. Hakuna kilichobadilika. Ndipo ndugu mmoja akagundua kitu: pikapu ilikataa kuwaka kila asubuhi ilipolala karibu na ua wa jirani yetu, yule mama mzee anayeishi peke yake nyuma ya kanisa. Ikilala nyumbani kwangu, inawaka.

Na mimi mchungaji wenu nikasimama Jumapili nikasema kuna mkono unaopigana na huduma hii, na mkono huo hauko mbali. Sikutaja jina. Sikuhitaji. Niliona macho yenu yakielekea dirisha la upande ule, na sikuwazuia. Wiki hiyo, usiku, mabati ya yule mama yalipigwa mawe.

Mpendwa, unajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Mwaka 2021 kule Marani, Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Na sisi tunasoma habari kama hizo tukisema, "Ni watu wasiookoka."

Fundi wa pili ni kijana mdogo, na kwa muda mrefu hakugusa spana. Aliuliza tu. Inazunguka kwa nguvu? Ndiyo. Basi akasema si betri wala stata. Akaniambia nipige, naye akaenda nyuma kutazama ekzosi. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Akanieleza kwamba injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Hewa inagandamizwa mpaka inakuwa moto sana, dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Asubuhi ya baridi hita plagi husaidia kupasha. Hizo zikifa, mara nyingi utaona moshi mweupe nyuma unapopiga stata, kwa maana dizeli inafika lakini haiungui. Usipoona moshi kabisa, shuku kwamba dizeli haifiki.

Akabonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ilikuwa laini kama haina kitu ndani. Akabonyeza, akabonyeza, mpaka ikawa ngumu. "Piga sasa, Pasta." Ikawaka. Kumbe ilikuwa inavuta upepo! Akafunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, tukaona mapovu yakipita. Akaufuata mpira wa dizeli kutoka kwenye filta hadi kwenye tanki, akakuta umepasuka chini ya klipu. Mpira mpya na klipu mbili havikufika shilingi 500.

Nikamuuliza, "Na ule ua?" Akanionyesha ardhi. Pale kando ya ua pana mteremko, nasi huegesha kichwa kikitazama juu. Tanki liko nyuma, upande wa chini. Upepo ukiingia kwenye ule ufa, dizeli yote inarudi kwenye tanki usiku. Nyumbani kwangu ni tambarare.

Kwa hiyo yule ndugu aliona sawasawa. Aliyefasiri vibaya ni mimi, na mimi ndiye niliyepelekwa chuo cha Biblia kusomea kufasiri.

Msinielewe vibaya. Nimekemea pepo na nitakemea tena. Lakini sisi watu wa Roho tumefanya kukemea kuwa spana ya kwanza, wakati mwingine ya pekee. Mtoto akianguka mtihani, tunakemea. Mama akivimba miguu akiwa mjamzito, tunakemea, na pengine angepimwa presha siku hiyohiyo. Soma Yoshua 22. Makabila ya ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu, na Israeli wote wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Ushahidi walikuwa nao, madhabahu ilikuwa inaonekana! Lakini walimtuma kwanza Finehasi na wakuu kumi waende wakaulize. Jibu lilizuia vita ya ndugu kwa ndugu. Mimi sikumtuma mtu. Hata kuinama kutazama chini ya gari sikuinama.

(Na wewe mwenye gari la dizeli, wacha kile kimkebe cha kupuliza kwenye njia ya hewa ili liwake. Kwa injini yenye hita plagi kinaweza kulipuka na kuiharibu.)

Jumanne nilienda kwa yule mama pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Alitupikia chai. Alisema alidhani mawe ni ya watoto wanaolenga ndege. Nikamwambia, "Mama, si watoto. Ni mimi." Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Jumapili hii nitayasema haya mbele ya kanisa lote, na ule mchango wa vita vya kiroho wa mwezi huu tumeusimamisha. Mabati yake mawili yametoboka. Anayejua kazi ya paa aje Jumamosi saa tatu asubuhi na nyundo. Pikapu itakuwa pale kando ya ua, kichwa juu.