Toboa paa la pikapu, acha woga

Vijana, mnanunua redio ya upepo ya wati 50 halafu antena mnaifunga kwenye bampa. Hapo hela imepotea. Antena ya VHF inataka bati pana chini yake, na mahali pake ni katikati ya paa. Kwa masafa ya megahezi 150, fimbo ya sentimita 50 inatosha kabisa.

Ya sumaku je? Yangu iling'olewa na tawi la mwembe. Trekta limekwama bondeni, dereva ananiita, mimi kiziwi. Siku ile ile nikatoboa paa, nikaziba na mpira maji yasiingie. Eti gari litashuka bei! Sawa, lishuke. Ila kabla ya kuongea, fundi apime mawimbi yanayorudi, maana redio inaweza kuungua. Na kibali cha TCRA, jamani.