Mji wa Kesho Unaanza na Kartoni



Juma hili tuzungumze juu ya mtoto anayechora vyombo vya kwenda nyotani nyuma ya daftari la hesabu, na ndugu yake anayepiga bidoni mpaka majirani wanalalamika. Wengi wetu tunasema: «Acha upuuzi, shika masomo!» Masomo ni lazima. Lakini ule si upuuzi. Kuna watu wazima wanaoishi kwa kazi ile ile.

Tazameni Wakanda, nchi ya filme Black Panther iliyotoka mwaka 2018. Nchi hiyo haiko duniani, wala madini yake ya ajabu. Kila wimbo, vazi na jengo vilipaswa kubuniwa. Je, walivitoa hewani? Hapana. Mtunzi wa muziki, Ludwig Göransson wa Sweden, alikwenda Senegal, akafuatana na mwimbaji Baaba Maal na kusikiliza. Ndiyo maana katika filme ile tunasikia tama, ngoma ndogo ya kwapani inayosema kama mtu. Inaita jina la mfalme T'Challa. Mama Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi, alitoa taji la malkia kwenye kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Mama Hannah Beachler alisimamia sura ya miji na nyumba. Mwaka 2019 wote watatu walipata tuzo ya Oscar, na wamama hao wawili walikuwa watu weusi wa kwanza kuipata katika kazi zao.

Na kwetu Kongo? Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki 2015, alijenga miji mizima juu ya meza, kule Kinshasa, kwa kartoni, karatasi za rangi na vizibo vya chupa. Kijiji alikozaliwa alikipa magorofa na uwanja wa mpira. Mji mwingine aliubuni usihitaji polisi wala daktari. Mwaka 2018 miji hiyo ilionyeshwa katika jumba kubwa la sanaa la New York.

Wamama, madini yetu si ya filme. Yamo ndani ya telefone za dunia nzima. Kama watoto wetu hawajifunzi kubuni kesho yao, wataikuta imekwisha kuchorwa na wengine, na humo Kongo itakuwa shimo la kuchimba tu.

Basi tufanye nini nyumbani?

Kabla ya kuwasha moto na kartoni, tuulize kama kuna mwenye kuihitaji.

Mtoto akionyesha mji wake, tumuulize: watu wa humo wanakula nini? Wanaimba nini siku ya arusi, na siku ya kilio? Maswali hayo yatampeleka mbali.

Tumwombe nyanya awaimbie wimbo wa kijiji chake. Watoto waugeuze wanavyotaka. Wimbo unaogeuzwa ungali hai.

Na msichana je? Mara nyingi kaka anachora huku yeye anateka maji na kuosha sahani. Tugawe kazi, naye apate saa yake. Mama Carter na mama Beachler nao walikuwa wasichana.

Mkae na amani. Tukutane juma lijalo.